Mulango Moya Kolera Haikuweza Kufunga

Hapana, Tonton Floribert, mujomba wangu, mi sikubali. Unasema kuandika kumbukumbu ya kazi ni mambo ya bazee, ya batu benye mvi na magoti yenye kulia kila mvua ikikaribia. Kama ni mambo ya ndevu, basi mbuzi ya jirani yetu ingekuwa imeisha kuandika yake zamani. Mi niko na miaka makumi mbili na tatu na kazi yangu iliisha. Balifunga kituo ya kolera, balikunja bâche, ile turubai yake, balituambia merci. Mutu mwenye kazi yake iliisha, kwa Kifaransa banamwita nani? Retraité. Donc mi niko retraitée. Cheka kama unataka.

Na alicheka. Leo mangaribi, mbele ya sahani ya pondu, majani ya muhogo, Tonton alicheka mpaka akapaliwa, Tantine, muke wake, akamupiga-piga mugongo.

"Retraitée! Batu ya nyumba hii, kuyeni muone! Kumbe ninalisha retraitée! Kazi gani ulitumika weye? Kukoroga mayi na kijiko? Ile hata mi ninafanyaka kila asubui mu kikombe ya chai!"

Bon. Njo maana ninaandika, na siandikie Tonton. Ninaandikia ninyi baleki, badogo yangu, finalistes, banafunzi ya mwaka ya mwisho ya chimie-biologie, benye munakariri "transport actif" kama rozari na hamujue inasaidia nani. Mi pia nilikariri. Prof alichora ku tableau duara yenye mishale, sisi tukachora duara yenye mishale, nikapata diplôme, na kama ungeniuliza ile mishale inabeba nini nisingejibu. Nilijua nyuma, chini ya bâche, na kijiko mu mukono.

Mambo yenye inatugombanisha iko hivi. Tonton njo président ya komite ya beach, ile fasi baleinières, mashua kubwa ya mbao, zinashukia na batu na mizigo kutoka Basoko. Mi ninataka kurudisha pale meza ya mayi: meza, ndoo, sukari, chumvi, kopo. Yeye hataki. Yote yenye nitasema inatoka mu hiyo.

Mwenye alinifundisha ni Maman Véro. Alikuwa infirmière, muuguzi, alienda retraite ya kweli, na wakati kolera ilipanda muto balienda kumwamusha kwake. Mufupi, sauti ya mwanajeshi, kila siku kitambala ya njano ku kichwa. Siku yangu ya kwanza aliniwekea mbele sukari na kijiko ndogo ya chai.

"Tia."

Nikatia. Mi ni mutoto ya nyumba nzuri, kijiko yangu ilisimama kama mulima. Alikamata kisu, akapitisha juu ya kijiko, nusu ya sukari ikarudi mu mufuko.

"Unatoka wapi, binti?"

"Hapa hapa, Maman. Mangobo."

"Mangobo kuko mulima?"

"Hapana, Maman."

"Basi hapana kuniletea mulima. Kisangani ni tambarare. Kijiko yako ikuwe tambarare."

Ile njo somo ya kwanza, na ninyi muikamate vile vile. Kama sachet ya pharmacie iko, ile unga ya chumvi na sukari yenye balipima tayari, sachet moya mu litre moya ya mayi safi, na hapana kuongeza kitu. Kama sachet haiko: litre moya ya mayi yenye ilichemka ikapoa, bijiko sita ya chai ya sukari, tambarare, na nusu kijiko ya chumvi, tambarare. Koroga mpaka hauone kitu chini. Onja weye mwenyewe mbele ya kumupa mugonjwa. Kama iko na chumvi kupita machozi yako, imwange inje, anza tena. Maman Véro alituambiaka: "Kama haujue machozi yako iko na utamu gani, haujaishi Congo."

Sasa, litre. Munafikiri munajua litre? Hamujue. Mu muji huu litre ni chupa ya bière. Chupa ya bière inapima mafuta ya mawese, inapima petrole, inapima lotoko, ile pombe kali, hata mayi ya baraka ku kanisa. Kila nyumba iko nayo, hata nyumba ya mulokole mwenye hanywake. Na batu balikuwa banatia sachet muzima mu chupa ya bière, banakoroga, banampa mugonjwa, kisha banakuya kutulalamikia: dawa yenu ni mubaya, mugonjwa anazidi.

Maman Véro hakufanya hotuba. Alitwala chupa ya bière yenye kuyaa mayi mpaka ku shingo, akaimwanga mu chupa ya plastique ya litre moya, mbele ya batu yote ya beach. Mayi ikasimama chini sana ya mustari.

"Munaona? Hapa juu panabakia nini?"

Mubebaji moya wa mizigo akajibu: "Ni bière yenye batu ya bar banatuibaka tangu uhuru!"

Batu balicheka mpaka mugonjwa moya akacheka, na yeye alikuwa hajacheka tangu Basoko. Lakini kutoka ile siku, nani alisahau? Kila mwenye alikuwa pale alijua chupa ya bière si litre. Kama unataka mutu akumbuke kipimo, muonyeshe fasi yenye alikuwa anaibiwa.

Ngoja niwaambie mambo ya ndani, ile prof hakutuambia. Kisha nitarudia kwa Tonton, hapana kuogopa, hataenda fasi.

Ndani ya matumbo kuko cellules, seli. Nyumba ndogo-ndogo yenye kushikana ukuta kwa ukuta, kama parcelles, biwanja ya Mangobo. Chakula na mayi inapita mu barabara, cellules zinachagua nini ya kuingiza ndani. Haziachie milango wazi. Kila mulango iko na sheria yake. Kolera ikifika, inaachilia sumu, na ile sumu inalazimisha cellules kumwanga chumvi na mayi inje, inje, inje, bila kusimama. Mutu anahara mayi kama ile yenye ulioshea mucele. Macho inaingia ndani. Unafinya ngozi ya tumbo, inabakia imesimama kama kitambala. Mutu mwenye asubui alibeba mufuko, mangaribi hawezi kubeba jina yake.

Zamani batu balisemaka: anahara, hapana kumupa mayi, itatoka tu. Na kwa macho ilikuwa kweli. Mayi peke yake inapita na kutoka. Chumvi peke yake pia, haipate mwenye kuifungulia muzuri. Wakati Maman Véro alikuwa musichana, dawa ilikuwa sérum tu, chupa ya kutundika yenye inaingia mu mushipa, na chupa zilikuwa kidogo, bagonjwa mingi. Alituambia alikuwa anapita kati ya mikeka, anachagua nani apate. Alifunga tu kitambala yake tena.

Kisha banganga balijua kitu moya, na mi kila siku ninaifikiri inanishangaza: kuko mulango moya yenye kolera haikuweza kufunga. Mulango moya ku cellule, yenye inafunguka kama chumvi na sukari zinagonga pamoja. Pamoja! Zikiingia, mayi inafuata nyuma. Sumu iko inafanya fujo yake yote ku mulango zingine, na hii moya inaendelea kufanya kazi kama mama mwenye kuuza beignets, mandazi, wakati ya maandamano. Njo pale tunapita. Haiko uchawi, haiko "mayi ya batoto". Ni mulango.

Nilisema mayi ya batoto juu ya Papa Lokuli. Papa Lokuli alikuwa muuzaji wa samaki, kifua pana, sauti pana. Balimushusha mu baleinière kama gunia, tukamukalisha, nikamuletea kopo. Aliangalia ndani.

"Hii ni nini?"

"Mayi ya sukari na chumvi, Papa."

"Mi ni mwanaume! Mulete sérum! Munaniona kama mutoto mwenye kuota meno?"

Maman Véro alikuwa nyuma anaosha ndoo. Hakugeuka hata. "Papa, unaweza kumeza?"

"Ninaweza!"

"Unaweza kutukana?"

"Sana!"

"Basi hauko mugonjwa ya sérum. Sérum ni mulango ya nyuma, ya mutu mwenye hawezi tena kuingia na mulango ya mbele. Siku utashindwa kunitukana, nitakupitisha nyuma. Sasa kunywa."

Alikunywa. Alikunywa vibaya, yote kwa mara moya, akatapika yote ku kiatu yangu. Na ile ni somo ingine, baleki: kijiko kwa kijiko. Kijiko, unangoja kidogo, kijiko. Akitapika, unapumzika kama dakika kumi, unaanza tena polepole zaidi. Batu banachokaka na kijiko. Banataka kopo, banataka chupa, banataka bidon. Mi pia niko mutu ya haraka, Tantine anasemaka nilizaliwa nikikimbia. Lakini nilikaa karibu ya Papa Lokuli tangu asubui mpaka jua ikakuwa juu ya kichwa, kijiko kwa kijiko, na yeye ananitukana kati ya bijiko. Wakati alianza kukojoa tena, alilia. Mwanaume muzima analia juu ya mukojo. Hapana kucheka. Mukojo wa mugonjwa ya kolera ni habari njema kupita telegramme.

Mambo ya sukari mingi, sasa. Hii inatokea kwetu tu, ninaapa.

Tulikuwa na kijana moya, dereva ya toleka, ile kinga, baiskeli ya kubeba batu. Aliitwa Jospin. Alifika na bugonjwa kidogo, akaanza kupona, kisha akageuka kuwa mubaya tena. Tukamuongezea mayi. Akazidi kuhara. Maman Véro aliangalia kopo, akaonja, akatema.

"Nani alitia sukari humu?"

Kumbe nyuma ya bâche kulikuwa mama moya amekaa, mugongo umetugeukia, leso imefunika uso. Maman Zuhura, wa Maniema, mama ya muke ya Jospin. Mukwe yake! Kwa desturi yabo hawezi kumuona mukwe yake amelala bila shati, kwa hiyo alibakia nyuma ya bâche, lakini kopo ilikuwa inapita chini ya bâche, na kila mara ilipita kwake alikuwa anaongeza sukari. Alikuya na mufuko yake mwenyewe.

"Maman, juu ya nini?" Maman Véro alimuuliza.

"Weye uko na mukwe?"

"Niko naye."

"Ungemupa mayi ya chumvi sawa mufungwa? Huyu alioa mutoto wangu kwa heshima. Batu banapita, banaona. Watasema mi ni muchoyo, nilimunyima mukwe wangu sukari mpaka akakufa!"

Mungeona mi nilikuwa tayari kufungua mudomo, na transport actif yangu na mishale yangu. Maman Véro alinisukuma na kiwiko. Alienda kukaa chini, nyuma ya bâche, karibu ya Maman Zuhura, wote bawili mugongo ku mugonjwa.

"Maman, siku balikuya kuomba mutoto wako, Jospin aliingia peke yake?"

"Nani anaingiaka peke yake? Angefukuzwa! Alikuya na tonton yake. Tonton njo mwenye alisema."

"Muzuri. Na kisha yabo, nani alifuata?"

"Kisha yabo kundi nzima ya familia, njala mu macho."

"Basi sikia. Chumvi ni Jospin. Sukari ni tonton. Ku mulango ya tumbo, chumvi haiingiake bila tonton. Bakiingia bawili, mayi inafuata, njo ile kundi. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

"Sasa, kama Jospin angekuya na batonton makumi tatu?"

Maman Zuhura alipiga mukono ku mapaja. "Usiniambie! Bale bangekaa wapi? Nyumba yangu iko na salon moya!"

"Bangekaa inje, mu parcelle. Na weye ungefanya nini?"

"Ningefanya nini? Ningetosha inje biti ya kukalia, ningetosha sahani, ningetosha mayi ya kunywa, batoto yote batoke inje kuhudumia bageni..." Akasimama. Ninakumbuka vile alisimama, mukono mu hewa. "Mungu wangu. Nyumba inabakia tupu."

"Njo vile uko unamufanyia mukwe wako. Sukari yenye haipate fasi ku mulango inabakia inje, inaita mayi itoke ndani ya cellules kuihudumia. Unamukausha na heshima."

Maman Zuhura alifunga mufuko yake ya sukari na mafundo mingi. Kutoka pale alikuwa mulinzi mukali kutupita sisi. Alikaa ku mulango ya bâche, na mutu mwenye alileta sukari yake, ao jus, ao limonade ya gaz ya kumutia mugonjwa nguvu, alisikia sauti: "Batonton bangapi? Rudisha! Rudisha!" Jospin alitoka na miguu yake.

Toka ile siku mi sikufundisha tena na mishale. Ninafundisha na mahari.

Kisha bugonjwa ilipunguka. Kituo ikafungwa. Batu balifurahi, na mi nilifurahi, hapana kufikiri vingine. Maman Véro alirudi kwabo Basoko. Mbele ya kupanda baleinière alinionyesha meza yetu, ile nzito ya mbao ya muti ya lifaki, yenye muguu moya ilikatwa na panya ao na batu, hatujue.

"Meza ninakuachia. Lakini sikia: meza si souvenir, ukumbusho ya kuweka tu."

Tonton aliipeleka mu depot yake, juu yake akaweka mifuko ya mucele. Iko pale. Kila siku ninauza mucele juu ya kazi yangu.

Na jana baleinière ilifika.

Mi nilikuwa depot. Nilisikia kelele ya ku beach, si ile kelele ya kawaida ya kugombania mizigo. Nilitoka. Balikuwa bameshusha mwanamuke moya, bamemulaza ku mbao ya kushukia, na dada yake amepiga magoti anamupepea na kitambala. Na batu balikuwa bamefanya duara. Munajua ile duara? Kubwa, yenye hakuna mutu anataka kukuwa wa mbele. Macho ya ule mama ilikuwa imeingia ndani. Nilifinya ngozi yake, ikabakia imesimama. Nilimuuliza jina, akaniambia. Nilimuuliza kama anaweza kumeza, akaitika na kichwa. Mulango ya mbele ilikuwa ingali wazi.

Nikaita kwa sauti yote: "Chumvi! Sukari! Litre moya!"

Na munajua nini iliniuma? Kila kitu ilikuwa pale. Beach nzima inauza sukari. Beach nzima inauza chumvi. Nilikimbia ku meza ya kwanza, mama akafunika mufuko yake. Ku meza ya pili: "Dada, ukishika kijiko yangu nani atanunua?" Ku ya tatu nilitupa feza, nikabeba sukari, chumvi na kijiko bila kungoja jibu. Mayi nilipata kwa mutoto mwenye anauza eau pure, chupa nilipata tu ya bière, ya bière, ya bière, mpaka nikaona moya ya mafuta ya litre, ikaomba kuoshwa na mayi ya moto, ile mayi ya moto nikaipata kwa muuza chai mwenye alinipa na kulaani. Wakati nilirudi na chupa, yule mama alikuwa hawezi tena kuniambia jina yake.

Ile wakati njo yenye ninawaandikia. Si dawa ilikosekana. Meza ilikosekana.

Kijiko kwa kijiko. Dada yake alishika kichwa. Alimeza. Lakini nilijua, Maman Véro alinifundisha: huyu anahitaji mulango ya nyuma pia, na haraka. Nikaita batoleka. Moya alijipiga-piga mufukoni kama amesahau kitu. Moya aliangalia tairi. Kisha kinga moya ilivunja duara.

"Yaya ya mayi, dada mukubwa! Ni weye?"

Jospin. Amenona, shati ya mupira.

"Njo mi. Utamubeba?"

"Mi ninaogopa nini? Nilishakufa hapa na nikakataa." Akaangalia chupa. "Batonton bangapi humu?"

"Bijiko sita, tambarare."

"Basi tuende."

Alimukalisha nyuma, dada yake akakimbia kando amemushika, na chupa mu mukono ya pili. Leo saa sita Jospin alipita depot kuniambia: ku hospitali balimuwekea sérum, na wakati alifungua macho bakarudilia kijiko. Milango yote mbili. Anakaa kitako sasa. Amemuambia munganga jina yake.

Leo mangaribi, kisha ya pondu na kicheko, Tonton aliacha kucheka.

"Ulipiga kelele kolera ku beach yangu."

"Sikuita jina, Tonton. Niliita chumvi."

"Ni kitu moya! Uko laboratoire? Labda alikula samaki ya chumvi, makayabo ya kuoza! Na sasa unataka kutia meza? Ile meza ni bendera! Inaambia ba capitaine: hapa kuko kolera, mupite. Baleinières zitashukia ku beach ingine, na mucele nitauzia nani? Weye utakula nini? Tantine atakula nini?"

Siseme hana haki yote. Anatulisha. Ile depot njo ilinilipia masomo, mpaka ile duara na mishale. Anaogopa, na wakati anaogopa anapiga kelele, kama batu mingi benye banabeba nyumba ku kichwa.

Lakini nilimujibu. "Tonton, baleinière haiulizake meza kama inaweza kubeba bugonjwa. Bugonjwa inapanda bila ticket, inashuka bila ruhusa. Meza iko ao haiko, itafika. Na mufu hanunue mucele."

"Unanifundisha biashara?"

"Ninakufundisha mayi."

Tantine aliangusha kifuniko ya chungu. Tonton alisimama. Alisema polepole, na ile polepole njo iliniogopesha: "Sikia, retraitée. Siku utatia ile meza ku beach, begi yako itakungojea ku mulango."

Akaingia chumba, akafunga. Tantine alibakia anaokota kifuniko chini, hakuniangalia, hakunigombeza.

Bon. Nimefikiri. Mutaniambia: yaya, weye uko na diplôme, tafuta kazi ingine, ngoja bakubwa bafungue kituo, ngoja bâche, ngoja gilet, ile kizibao ya batu ya misaada. Yule mama wa jana angengoja na nani? Mi sina gilet. Niko na litre moya yenye nimeweka mustari na musumari, kijiko moya, na mukono yenye inajua tambarare.

Begi yangu nimeifunga mimi mwenyewe. Iko tayari ku mulango, asichoke kuitosha.

Kesho asubui, mbele baleinière ya Basoko haijafika, ninaenda depot. Ninashusha mifuko ya mucele chini, moya moya, hakuna yenye itapasuka. Nitachemsha mayi ku jiko ya muuza chai, amenilaani tayari, hakuna mupya. Kisha nitarudi hapa, nitagonga ku chumba ya Tonton. Nitamuambia: Tonton, ile meza ni nzito, inaomba batu bawili. Weye ni président, ukishika upande moya hakuna mama ku beach atafunika sukari yake mbele yangu. Peke yangu, bananifungia. Pamoja na weye, batafungua.

Nitagonga mara ya pili pia.

Kama hafungue, nitaivuta peke yangu, mu bulongo, toka depot mpaka ku mayi, na ile muguu moya yenye ilikatwa itachora njia. Batu yote ya beach baione.